Dahomey na jirani zake

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Tabora kwa nini ufalme wa Dahomey, kule Afrika Magharibi, uliinuka. Atakupa nukta sita bila kupepesa macho: uongozi bora, jeshi imara, ardhi yenye rutuba, biashara ya mbali, mahali pazuri, umoja wa wananchi. Mwulize kuhusu Asante, utapewa zile zile sita. Buganda, hizo hizo. Sina shaka ukimwuliza kwa nini duka la Mangi wa mtaani kwetu linajaza watu, naye ataanza na uongozi bora. Kuanguka nako kuna sita zake, ambazo ni zile za kwanza zilizogeuzwa kichwa chini: uongozi ukawa mbovu, jeshi likadhoofika, rutuba nayo sijui ilihamia wapi.

Siwalaumu watoto. Wanaandika kinachopewa alama. Lakini mimi nimestaafu, simwogopi mkaguzi, na barazani kwangu Isevya, ninapofundisha twisheni baada ya alasiri, nukta haziruhusiwi. Anayetaka kuniambia habari za ufalme anisimulie: nani alianza, alimfanyia nini nani, na nani alilipa.

Muhula huu Dahomey imewasha moto. Kuna filamu ya Wamarekani kuhusu askari wanawake wa ufalme ule, imefika kwenye vibanda umiza vyetu ikiwa imetafsiriwa na DJ anayepiga kelele kuliko waigizaji wenyewe. Binti mmoja, mtoto wa jirani, alikuja amefunga kanga kiunoni, tayari kwa vita. Mvulana mmoja akamwambia, "Wale walikuwa wanauza watumwa, unajisifia nini?" Akajibiwa kwamba wazungu ndio waliokuwa wananunua. Wakanigeukia wote. "Eti Mwalimu, walikuwa wazuri au wabaya?"

Swali hilo kwangu ni jepesi mno. Mimi linanikera jingine. Ufalme uliodumu zaidi ya karne mbili, wenye jeshi lililotisha pwani nzima, wenye bunduki za kisasa kabisa, ulikosaje hata rafiki mmoja siku Wafaransa walipokuja? Jibu langu nalitoa mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: Dahomey ilijengwa kwa kula jirani, na siku ya mwisho jirani ndio waliombebea Mfaransa mizigo.

Masimulizi ya Wafon, watu wa ufalme huo, yanaanza na ugomvi wa ndugu wa ukoo wa kifalme wa Allada, mji ulio kusini, si mbali na bahari. Kundi moja likaondoka kwenda kaskazini, kwenye uwanda wa Abomey, kama kilomita 100 kutoka pwani, mwanzoni mwa karne ya 17. Wakapokewa kama wageni. Wakaomba ardhi, wakapewa. Wakaomba tena, wakapewa tena. Mwenyeji mmoja aitwaye Dan akachoka, akauliza kama sasa wanataka wajenge mpaka tumboni mwake. Wakamwua, na nyumba ya mfalme ikajengwa juu ya maiti yake. Inasemekana hata jina la ufalme limetoka hapo.

Iwe ni kweli au ni hadithi ya wazee, mimi hushangazwa na uchaguzi wenyewe. Tawala nyingi hujitungia kwamba zilikuta pori tupu, nyani na mito tu. Hawa walisimulia bila haya: tulimkuta mwenyewe, alitupa ardhi, tukamwua.

Mfalme Houegbadja, katikati ya karne ile ya 17, ndiye anayehesabiwa kuwa mwashi wa dola yenyewe. Kila mfalme aliyemfuata alirithi wajibu wa kuuacha ufalme ukiwa mkubwa kuliko alivyoukuta. Tafakari sharti hilo kidogo. Kwa mfalme wa namna hiyo mpaka wa nchi ni kazi ambayo haijaisha, na jirani ni sehemu ya ufalme ambayo bado haijachukuliwa. Na kila mfalme alijenga jumba lake kando ya jumba la baba yake, kwa udongo, hadi majumba yale yakafunika zaidi ya hekta 40. Kuta zake zina michoro ya udongo iliyoinuliwa na kupakwa rangi: simba, papa, silaha, maadui walioshindwa. Tangu 1985 ni urithi wa dunia.

Aliyeufikisha ufalme baharini ni Agaja, aliyetawala mpaka 1740. Abomey ilikuwa bara. Bunduki, baruti, vitambaa na kauri, zile simbi za baharini zilizotumika kama fedha, vilipita kwanza mikononi mwa Allada na bandari ya Ouidah, na kila mkono ulikata chake. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa zaidi. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara, Bagamoyo upande huu na Ujiji upande ule, na kila mtemi aliyepitiwa alidai hongo yake kabla mzigo haujasogea. Agaja alichoka kulipa hongo. Mwaka 1724 aliichukua Allada, mji wa mababu zake mwenyewe. Mwaka 1727 akaichukua Ouidah, ambako Waingereza, Wafaransa na Wareno walikuwa na vituo vyao vya biashara.

Wapo wanaosema Agaja alikwenda pwani ili akomeshe biashara ya watumwa. Nimewahi kuisikia hoja hiyo ikitetewa kwa machozi. Sioni ushahidi wake katika yaliyofuata. Baada ya ushindi biashara iliendelea, ila sasa mfalme alikuwa na mtu wake Ouidah, mwenye cheo cha Yovogan, aliyeshughulika na wazungu kwa niaba ya ikulu. Kiangazi kilipoingia jeshi lilitoka. Liliporudi lilirudi na mateka. Wengine walibaki mashambani na majumbani, wengine waliuawa kwenye sherehe za kila mwaka za kuwaenzi wafalme waliokufa, na wengi walitembezwa hadi Ouidah. Kutoka bandari hiyo peke yake, katika muda wake wote, waliondoka watu wapatao milioni moja. Ukiondoa Luanda, hakuna mahali pengine Afrika palipotoa watu wengi kiasi hicho kuvuka Atlantiki. Bunduki zilidai mateka, mateka walidai vita, na vita vilidai bunduki.

Hapa yule mvulana alitabasamu kama aliyeshinda. Nikamwambia asubiri.

Maana Dahomey nayo ililiwa. Mashariki yake kulikuwa na Oyo, dola kubwa ya Wayoruba, na Oyo walikuwa na farasi. Sisi huku, na mbung'o wetu wa miombo, farasi hatukuwajua, lakini kule msitu umekatika mpaka karibu na bahari, nchi ni wazi, na wapanda farasi waliweza kuteremka wakati wa kiangazi. Waliteremka kuanzia 1726, wakachoma Abomey, wakarudi, wakachoma tena. Mwisho Agaja akakubali kulipa ushuru wa kila mwaka: watu, bunduki, kauri. Dahomey ililipa ushuru huo karibu karne nzima, mpaka 1823. Katika vitabu vya shule kipindi hiki hupewa mstari mmoja, kama aibu ya familia.

Aliyeukata ushuru ni Ghezo, na namna alivyoipata enzi inastahili kusimuliwa polepole.

Kaka yake Adandozan alikuwa mfalme tangu 1797. Inasimuliwa kwamba Adandozan, katika ugomvi wa ndani ya jumba, alimwuza nje mama yake Ghezo, Agontimé, akapelekwa Brazili. Mke wa mfalme aliyepita, kuuzwa kwenye meli kama mateka wa kijijini! Kulikuwa pia na mfanyabiashara Mbrazili, Francisco Félix de Souza, mzaliwa wa Bahia, aliyekuwa anaidai ikulu. Alipokwenda kudai, Adandozan akamfunga. De Souza akatoroka, akaungana na Ghezo, akatoa bunduki na bidhaa, na mwaka 1818 Adandozan akaondolewa. Ghezo akampa Mbrazili yule cheo cha Chacha na nafasi ya kwanza katika biashara ya Ouidah.

Adandozan alifutwa. Jina lake halikutajwa tena katika orodha ya wafalme, wala sanamu yake haimo kutani. Lakini kabla ya hapo alikuwa amemtumia mtawala wa Ureno, aliyekuwa amekimbilia Brazili, zawadi ya kiti cha enzi. Kiti kile kilikaa Rio de Janeiro katika makumbusho ya taifa kwa miaka kama mia mbili, kikimkumbuka mtu ambaye kwao alikatazwa kukumbukwa, hadi makumbusho yalipoungua Septemba 2018. Nikifika hapa watoto huwa wamesahau mtihani kabisa.

Sasa wale wanawake, maana bila wao binti wa kanga asingenisamehe.

Usiku hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kulala ndani ya jumba la Abomey isipokuwa mfalme. Walinzi wa ndani kwa hiyo walikuwa wanawake, na walinzi hao ndio waliokua wakawa jeshi. Chini ya Ghezo walifikia maelfu. Walivaa sare, walifanya mazoezi ya kuparamia ukuta wa miiba mikali bila viatu mbele ya wageni, walibeba gobori, mapanga, na wengine nyembe kubwa za kukunja zenye urefu wa mkono. Walihesabiwa kisheria kuwa wake za mfalme, hivyo hakuna mwingine aliyewagusa wala hawakutakiwa kuzaa. Baadhi walijitolea, wengine walitolewa na baba zao, na wengi walikuwa wenyewe mateka waliochukuliwa wakiwa wadogo kutoka vijiji vilivyovamiwa. Nilipomwambia yule binti hilo la mwisho alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo wanakwenda kuvamia kwao?" Ndiyo, mwanangu. Mara nyingine ndiyo.

Kuna mtu mmoja aliyewaona hao askari na aliyeuona pia mji wetu. Novemba 1857 mpelelezi Mwingereza Richard Burton aliingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, akiwa na mwenzake Speke na wapagazi wake, akapokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu, akapumzika zaidi ya mwezi kabla ya kuendelea Ujiji. Miaka sita baadaye serikali ya Uingereza ilimtuma Abomey kwa mfalme Glele, mwana wa Ghezo, kumshawishi aache kuuza watu na kuua watu kwenye sherehe. Hakufanikiwa. Aliandika juu ya wale wanawake kwa dharau ile ile aliyoandikia kuhusu Wanyamwezi. Namsoma kama ninavyomsikiliza mgeni aliyelala nyumba ya wageni wiki chache kisha akaanza kunieleza tabia za mama yangu: anachokiona kwa macho nakichukua, maoni yake namrudishia.

Wanawake hao walikuwa hodari, hilo halina mjadala. Lakini uhodari wao ulipelekwa wapi? Machi 1851 Ghezo aliwapeleka Abeokuta. Mji huo wa Waegba ulikuwa mchanga, umejengwa chini ya mwamba mkubwa na wakimbizi wa vita vya Wayoruba, watu waliokwisha kufukuzwa makwao na hawakuwa tayari kufukuzwa tena. Walikuwa na wamisionari mjini na Waingereza nyuma yao. Dahomey ikashindwa, ikaacha maiti nyingi ukutani, wanawake wengi miongoni mwao. Mwaka 1864 Glele akarudi kulipiza, akashindwa vile vile. Jirani mmoja alikuwa ameota meno.

Baharini nako mambo yalibadilika. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na Januari 1852 Ghezo alitia saini mkataba wa kuacha kuuza watu. Kabla ya hapo alikuwa amewaeleza kwamba atafanya lolote jingine wamwambie, ila hilo hawezi, kwa kuwa ndilo utajiri wa nchi yake. Aliwaeleza ukweli. Badala yake ukaja mchikichi. Mafuta ya mawese, yale yale tunayoletewa kwa treni kutoka Kigoma na kugombania bei pale sokoni, yalitakiwa Ulaya kwa sabuni na vilainishi vya mashine. Dahomey ikapanda michikichi kwa wingi. Na nani aliyelima na kukamua? Mateka, wengi wao Wayoruba. Mtu aliyekuwa akiuzwa ng'ambo sasa alitumiwa hapo hapo.

Mawese yalilipwa kwa kauri, na hapa pwani yetu wenyewe inaingia katika hadithi bila kualikwa. Kwa karne nyingi fedha ya Dahomey ilikuwa kauri ndogo za Maldivi. Zilitungwa arobaini kwenye uzi, nyuzi hamsini zikafanya kichwa kimoja cha elfu mbili. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald wakiwemo, waligundua kwamba Zanzibar na mwambao wake zimejaa kauri nyingine, kubwa kidogo na za bei ya bure. Wakazijaza melini, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakazimwaga Afrika Magharibi kununulia mawese. Meli baada ya meli. Unaweza kukisia kilichotokea. Fedha ambayo mtu anaweza kuiokota ufukweni Mafia haiwezi kubaki na thamani Abomey. Kauri zikashuka, mizigo ya kulipia vitu ikawa mikubwa mpaka kazi ya kubeba fedha ikala fedha yenyewe. Mfalme aliyeweza kukata kichwa cha yeyote hakuwa na la kufanya juu ya meli ya Hamburg.

Huwa nacheka peke yangu nikiona kauri kwenye vifaa vya waganga sokoni kwetu. Ndugu zake hizo ziliwahi kuangusha hazina ya mfalme upande wa pili wa bara.

Basi, tukifika miaka ya 1880, Dahomey ilikuwa na fedha inayoyeyuka, mashamba yaliyojaa watu wenye kinyongo, Waegba mashariki ambao haikuwaweza, na kusini-mashariki mji wa Porto-Novo. Mfalme wa Porto-Novo, Toffa, alikuwa ndugu wa damu kwa asili, wa ukoo ule ule wa Allada. Alivamiwa na kutishwa na Abomey mpaka akaona heri Mfaransa. Akajiweka chini ya ulinzi wake. Wafaransa walikuwa wanadai pia Cotonou, kwa mikataba ambayo Abomey ilikana kwamba iliwahi kuwapa umiliki. Glele alikufa mwishoni mwa 1889, akaingia mwanawe Béhanzin, na Machi 1890 askari wa Dahomey, wanawake kwa wanaume, wakaishambulia ngome ya Wafaransa Cotonou alfajiri. Walifika ukutani na kupigana mkono kwa mkono. Hawakuuvunja. Oktoba mwaka ule wakapatana: Mfaransa akae Cotonou, amlipe Béhanzin faranga 20,000 kwa mwaka.

Béhanzin hakuwa mjinga. Alijua watarudi. Alinunua bunduki za kupakia nyuma na za kurudia, Winchester zikiwemo, na mizinga michache ya Krupp, kwa wafanyabiashara Wajerumani pale Ouidah. Na alizilipia kwa nini? Kwa watu, ambao sasa kwenye karatasi waliitwa wafanyakazi wa mkataba.

Nisogee pembeni kidogo kwa jambo moja, maana linatuhusu. Karl von Gravenreuth ni afisa Mjerumani aliyepigana huku kwetu pwani mwaka 1889 dhidi ya Bushiri. Mwaka 1891 alikuwa Kamerun, akihitaji watu wa msafara. Akaenda Dahomey kununua mateka kwa Béhanzin, zaidi ya mia tatu, wanaume na wanawake. Wajerumani ambao huku walijidai wamekuja kukomesha utumwa wa Waarabu! Watu wale hawakulipwa mshahara kwa hoja kwamba walikwisha kununuliwa. Desemba 1893 kaimu gavana, Leist, aliamuru wake zao wachapwe viboko mbele ya waume zao, na usiku huo wakaasi, wakaiteka nyumba ya serikali. Wengi wa walioasi waliuawa. Katika hadithi nzima ya Dahomey hao ndio ninaowaonea uchungu zaidi, na hakuna filamu yao.

Vita vya mwisho vilianza 1892. Wafaransa walimtuma Kanali Alfred Dodds, mzaliwa wa Saint-Louis, Senegali, mwenye damu ya Kiafrika. Watoto hawapendi kusikia hilo. Jeshi lake lilikuwa na askari wa Kikosi cha Wageni cha Ufaransa, Wasenegali, Wahausa, na msururu wa wapagazi waliotolewa na Toffa wa Porto-Novo. Wapagazi! Mji kama wetu, ambao mababu walitembea na pembe za ndovu mabegani hadi pwani, unaelewa maana ya neno hilo vitani. Bila mpagazi hakuna risasi, hakuna maji, hakuna safari. Jirani aliyeonewa miaka yote ndiye aliyempandisha Mfaransa mpaka Abomey.

Walipanda kufuata mto Ouémé. Dogba, tarehe 19 Septemba. Kisha Poguessa, kisha Adégon. Dahomey walipigana karibu kila siku, na Wafaransa wenyewe waliandika kwa mshangao kuhusu wanawake waliokimbilia moja kwa moja kwenye visu vya bunduki. Bunduki mpya walikuwa nazo, ila wengi waliendelea kupiga bila kulenga, kwa mazoea ya gobori. Nyuma yao, mashambani, mateka wa Kiyoruba waliona nafasi wakatoroka makundi kwa makundi kurudi makwao. Shamba likabaki bila mtu, na jeshi likabaki bila chakula. Abeokuta haikuinua kidole. Oyo ilikwisha kufa zamani. Tarehe 17 Novemba 1892 Dodds aliingia Abomey na kukuta majumba yanawaka. Béhanzin alikuwa ameyachoma mwenyewe.

Nilipoandika tarehe hiyo ubaoni niliandika nyingine pembeni yake: Januari 1893. Hiyo kila mtoto wa Ipuli anapaswa kuijua. Ndiyo siku Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekwisha kuwarudisha Wajerumani nyuma mwaka 1892, alipozidiwa na Tom von Prince ndani ya ngome yake, akaingia kwenye ghala la baruti na kulilipua. Miezi miwili kati ya Abomey na Tabora. Na Isike alikuwa na nani? Waarabu wa mjini walikuwa wamekwisha kupatana na Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, tangu 1890. Urambo, ambako pangeweza kutoka msaada, ndiko kulikotoka Mirambo, aliyeichoma sehemu ya Tabora mwaka 1871 na kupigana na Unyanyembe miaka mingi. Mirambo alikufa 1884 na watu wake hawakuwa na sababu ya kumlilia Isike. Sisemi Unyanyembe ilikuwa Dahomey. Ukubwa si mmoja wala dhambi si moja. Lakini nilimwona yule mvulana akitazama zile tarehe mbili kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama nukta zangu.

Béhanzin alijificha zaidi ya mwaka, akajisalimisha Januari 1894. Wafaransa walikwisha kumtawaza Agoli-Agbo, ndugu yake. Naye walimwondoa 1900 na kumpeleka Gaboni, wakidhani hawamhitaji tena. Béhanzin alipelekwa Martinique, kisha Aljeria, akafia Algiers Desemba 1906. Mifupa yake ilirudishwa 1928. Vitu ishirini na sita kati ya vilivyobebwa na askari wa Dodds, viti vya enzi na milango ya jumba ikiwemo, vilirudi kutoka Paris mwezi wa Novemba 2021, na watu walipanga foleni Cotonou kuvitazama. Nafurahi vimerudi. Ningefurahi zaidi kama kwenye maonyesho hayo wangetajwa pia waliouzwa kuvinunua.

Jina lilidumu kuliko ufalme. Wafaransa waliita koloni lote Dahomey, pamoja na nchi za kaskazini na mashariki ambazo wafalme wa Abomey hawakuwahi kuzitawala, na nyingine walizokuwa wakizivamia. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960 nchi ikaendelea kuitwa hivyo. Fikiria unavyojisikia kuandika kwenye pasi yako jina la watu waliokuja kumchukua bibi wa bibi yako wakati wa kiangazi. Mwaka 1975 Rais Mathieu Kérékou, mtu wa kaskazini, akalibadilisha, akachagua jina lisilo la kabila lolote la nchini, la ile ghuba iliyo mbele yao: Benin. Kwa siasa ya ndani ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa mwalimu wa historia ni balaa tupu, kwa sababu ufalme wa kale wa Benin ulikuwa Nigeria, hauhusiani na Abomey hata kidogo, na wiki iliyopita nimesahihisha karatasi tatu zinazodai kwamba Oba, yaani mfalme, wa Benin alikuwa na jeshi la wanawake na alipelekwa Martinique. Moja ni ya yule binti wa kanga. Nimempa sifuri kwa swali hilo, na ameahidi kukata rufaa kwa mama yake.